Murang'A, Nyong'O na Ng'Ang'A: Kompyuta na Ritifaa

Aliye jikoni aendelee na mapishi yake, aliye kwenye basi asogee karibu na spika, na mwenye kalamu aishike, maana leo kuna majina ya kuandika.

Jina la kwanza ni Murang'a. Ni kaunti ya Kenya, kaskazini mwa Nairobi, nchi ya chai na kahawa. Andika jina hilo: M kubwa, herufi nyingine zote ndogo, na kati ya g na a weka ritifaa, kile kialama kidogo kinachoning'inia juu ya mstari. Mtoto wa shule ya msingi huliandika hivyo bila kusita. Sasa liandike kwenye kompyuta kwa herufi ndogo tupu, kisha iamuru programu ianze kila neno kwa herufi kubwa. Programu nyingi zitarudisha hivi: Murang'A. M kubwa mwanzoni, sawa. Lakini mwishoni kuna A kubwa, imesimama wima kama vile ni mwanzo wa jina jingine.

Mazungumzo ya leo yanahusu hiyo A. Imetoka wapi? Nani kaiweka? Na kwa nini miaka inapita na bado ipo?

Msikilizaji asidhani ni jambo la kaunti moja. Gavana wa Murang'a tangu mwaka 2022 ni Irungu Kang'ata. Mpitishe kwenye amri hiyo hiyo, naye anatoka akiwa Kang'Ata wa Murang'A. Kule Kisumu gavana ni Anyang' Nyong'o, na binti yake, Lupita Nyong'o, ndiye aliyetwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014. Wote wawili mashine inawaita Nyong'O. Vuka mpaka uingie Tanzania. Chang'ombe ya Dar es Salaam inageuka Chang'Ombe. Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, inageuka Mang'Ula. Vuka bahari mpaka Unguja, na Ng'ambo, upande ule wa mji ulio ng'ambo ya Mji Mkongwe, inakuwa Ng'Ambo. Popote ilipo ng' ya ng'ombe, mashine inajikwaa.

Inajikwaaje? Twende polepole hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo.

Kompyuta haijui neno ni nini. Mtu akiona Murang'a anaona mahali, anasikia sauti. Kompyuta inaona safu ya alama, moja baada ya nyingine, na kila alama ina namba yake. Ili iweze kukuza herufi ya kwanza ya kila neno, lazima iambiwe neno linaanzia wapi. Walioandika programu nyingi waliipa kanuni fupi sana: herufi zinazofuatana ni neno, na kitu chochote ambacho si herufi ni mwisho wa neno. Nafasi si herufi, basi neno limeisha. Nukta si herufi, basi neno limeisha. Ritifaa nayo si herufi. Kwa hiyo neno limeisha.

Ifuate mashine inavyosoma murang'a. Inakutana na m, mwanzo wa neno, inaikuza. Inapita u, r, a, n, g, inaziacha ndogo. Inafika kwenye ritifaa: hii si herufi, neno limekwisha. Inasogea hatua moja, inaikuta a. Kabla yake hakuna herufi, basi hapa panaanza neno jipya. Inaikuza. Murang'A. Mashine haikukosea hata chembe katika kutii. Kanuni yenyewe ndiyo haikumjua Mkikuyu wala Mswahili.

Na kanuni hiyo imeenea kweli kweli. Katika Excel, programu ya majedwali ambayo karibu kila ofisi inaitumia, kuna fomula iitwayo PROPER. Maelezo yake yanasema wazi kwamba inakuza herufi ya kwanza na herufi yoyote inayofuata kitu kisicho herufi. Kwenye kanzidata za Oracle na PostgreSQL kuna amri iitwayo INITCAP, na hukumu yake kwa ritifaa kwa kawaida ni ile ile. Kwenye Python, lugha ya programu inayofundishwa sasa vyuoni kwetu, kuna amri iitwayo title. Ya kale, ya sasa, ya kulipia, ya bure: kanuni moja.

Chukua mfano wa karani wa shule ya sekondari. Fomu za wanafunzi zimejazwa kwa herufi kubwa tupu, kama fomu nyingi zinavyotaka. Kwenye jedwali lake ana safu ya majina: WANJIKU, JUMA, NG'ANG'A, ATIENO. Mkuu wa shule anataka vyeti vya kuhitimu, na jina lililopigwa lote kwa herufi kubwa halipendezi kwenye cheti. Karani anaandika PROPER kwenye kisanduku cha kwanza, anabonyeza, kisha anaiburuta fomula mpaka chini. Majina mia kadhaa yanabadilika kwa mpigo. Wanjiku safi. Juma safi. Atieno safi. Katikati yao amekaa Ng'Ang'A, ana herufi kubwa tatu. Karani ana haraka, safu ni ndefu, na macho hupita juu ya kitu kilicho sawa kwa sehemu kubwa. Cheti kinachapwa, kinagongwa muhuri, kinatiwa saini. Kijana Ng'ang'a anakwenda nacho kwenye usaili, na jina lililo kwenye cheti si kama lile lililo kwenye kitambulisho.

Swali la haki kabisa ni hili: je, waliotengeneza programu hizi hawajui? Wanajua. Wanajua kwa sababu ritifaa inawatesa hata wao. Kiingereza kinaitumia mara kwa mara: don't, they're, Bill's. Amri ya title kwenye Python inayatoa hivi: Don'T, They'Re, Bill'S. Maelezo rasmi ya Python yanalikiri tatizo hili bila kuficha, tena yanampa msomaji dawa: mistari michache ya msimbo ya kuandika mwenyewe, inayoiambia mashine kwamba ritifaa iliyo katikati ya herufi isihesabiwe kuwa mwisho wa neno. They're inabaki They're. Bill's inabaki Bill's. Waingereza wamepona.

Lakini mjaribu Ng'ang'a kwa dawa hiyo, msikilizaji. Tega sikio vizuri, kwa maana hapa ndipo pa kusikitisha zaidi. Dawa ile imeandikwa hivi kwa maneno ya kawaida: chukua mfululizo wa herufi, na ikiwezekana ritifaa moja pamoja na herufi zinazoifuata, hilo ni neno. Ritifaa moja. Mashine inaanza na ng, inaikuta ritifaa ya kwanza, inaikubali, inaendelea na ang. Hapo posho yake ya ritifaa imekwisha. Inaikuta ritifaa ya pili, neno linakatwa. Iliyobaki ni a, peke yake, na mashine inaikuza. Matokeo: Ng'ang'A. Jina limeponywa kichwani, likaachwa na kidonda mkiani.

Kwa nini ritifaa moja? Kwa sababu aliyeandika mfano ule alikuwa na Kiingereza kichwani, na neno la Kiingereza lenye ritifaa mbili ni adimu. Kwetu si adimu hata kidogo. Mtoto ananing'inia mkononi mwa mama yake, hiyo ni moja; lakini akimng'ang'ania ni mbili, na nzi wakimng'ong'a ni mbili pia. Hakuna mtu aliyekusudia kuwaumiza akina Ng'ang'a. Ila hakuna Ng'ang'a aliyekuwepo mezani kanuni ilipojaribiwa.

Sasa atatokea msikilizaji mwepesi aseme: basi tatizo ni dogo! Ifutwe kanuni ya zamani, iandikwe mpya, isemayo ritifaa haikati neno kamwe, iwe moja, ziwe mbili, ziwe tatu. Neno likatwe na nafasi tu. Amri za namna hiyo zipo. PHP, lugha iliyojenga tovuti nyingi sana duniani, ina amri iitwayo ucwords ambayo hukata neno penye nafasi tu. Python nayo inayo nyingine, iitwayo capwords. Ukiwapa Murang'a, Nyong'o na Ng'ang'a, wanatoka salama wote.

Basi twende uwanjani, kwa mashabiki wa mpira. Andika majina matatu. La kwanza, Samuel Eto'o, aliyekuwa mshambuliaji wa Cameroon. La pili, N'Golo Kanté, kiungo wa Ufaransa aliyebeba Kombe la Dunia mwaka 2018. La tatu, John O'Shea, aliyekuwa beki wa Jamhuri ya Ireland na kucheza Manchester United. Yatazame baada ya ritifaa. Eto'o: o ndogo. N'Golo: G kubwa. O'Shea: S kubwa. Wachezaji watatu, ritifaa tatu, na hakuna kanuni moja inayowatosha wote. Ile ya zamani inampatia O'Shea na N'Golo haki yao, inamharibu Eto'O. Hii mpya inamtendea haki Eto'o, inamharibu O'shea na inamharibu N'golo. Ukimtibu mmoja, unamjeruhi mwingine.

Kuna majina magumu kuliko hayo. Ndugu zetu wa Afrika Magharibi, Côte d'Ivoire: d ni ndogo, I ni kubwa. Amri ya zamani inaandika D kubwa, ya kisasa nayo inaandika D kubwa na kuacha i ndogo, na zote mbili zimekosa. Chad mji mkuu wake ni N'Djamena, N kubwa na D kubwa. Uholanzi kuna mji uitwao 's-Hertogenbosch, jina linaloanza na ritifaa yenyewe, kisha s ndogo, kisha kistari, ndipo H kubwa. Hawai'i inapoandikwa kwa ritifaa, mashine za zamani zinaikuza i ya mwisho kama zinavyoikuza a ya Murang'a.

Kwa hiyo jambo lenyewe ni hili, na linastahili kurudiwa: alama ni moja, kazi zake ni nyingi. Kwa Mwingereza, ritifaa husema kuna herufi iliyodondoshwa, au kitu fulani ni cha mtu fulani. Kwa Mfaransa, husema vokali imemezwa. Kwa jina la Kiayalandi kama O'Shea, hutenga sehemu mbili za jina. Kwa Kiswahili, Kikuyu na Kijaluo, ritifaa haitengi chochote. Ni sehemu ya ng', sauti moja kamili, iliyoandikwa kwa alama tatu. Kuikata ng' kutoka kwa vokali yake ni kulikata neno katikati ya silabi. Mashine ikiitazama ritifaa yenyewe, haina njia ya kujua ni ipi kati ya hizo.

Historia ingeweza kwenda njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920, taasisi ya kimataifa ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilipendekeza sauti hii iandikwe kwa herufi moja, ŋ, yenye herufi kubwa yake, Ŋ. Kiewe cha Ghana na Togo kinaitumia. Kiganda kinayo katika alfabeti yake, ingawa Waganda wengi kwenye simu huandika ng' kwa kuwa kibodi haina ile nyingine. Kiswahili sanifu kilibaki na ng', na mtu aliyejifunza kusoma kwayo hataki nyingine. Lakini upo ukweli wa kiufundi: ŋ ni herufi, na mashine haikati neno penye herufi.

Tuguse kidogo na ritifaa yenyewe, kwa maana hata hiyo si moja. Jedwali la alama la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, liliipa ritifaa namba 39, ile ambayo leo huchorwa imenyooka kama msumari. Baadaye Unicode, mfumo unaokusanya maandishi ya dunia nzima, ukaweka na ile iliyopinda, namba 8217, na nyingine ya kuandikia sauti, namba 700. Kwa jicho la haraka zinafanana. Kwa mashine ni vitu vitatu visivyojuana. Mtu akiandika Ng'ang'a kwenye programu inayopindisha ritifaa yenyewe, kisha mwingine akatafuta Ng'ang'a kwa ritifaa iliyonyooka, utafutaji wa kawaida unaweza kumwambia hakuna mtu wa jina hilo.

Na zipo programu zilizochoka kabisa zikaamua kuikataa. Nani hajawahi kuona fomu ya mtandaoni ikimwambia jina lake lina alama isiyoruhusiwa? Mara nyingi sababu ni kwamba katika lugha ya kanzidata, ritifaa ndiyo inayofunga maandishi, na programu iliyoandikwa kizembe inavurugika ikiikuta ndani ya jina. Fundi makini anajua jinsi ya kuipitisha salama. Mvivu anaipiga marufuku. Hata pasipoti ina namna yake: kwenye ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, taratibu za shirika la usafiri wa anga la kimataifa zinataka ritifaa iachwe na herufi ziungane, hivyo Ng'ang'a anakuwa NGANGA. Afadhali pasipoti, maana ukurasa huo huo, juu ya mistari hiyo, una nafasi ya jina lake lilivyo.

Sasa, nini kifanyike? Tuanze na yule karani. Kuna ujanja mzuri wa Excel. Kabla ya kukuza herufi, ritifaa zote zibadilishwe kwa fomula ya SUBSTITUTE ziwe herufi ambazo hazipatikani katika jina lolote kwenye orodha, tuseme zzz. NG'ANG'A inakuwa kwa muda NGzzzANGzzzA. Kisha PROPER ifanye kazi yake. Sasa haioni pa kukata, inatoa Ngzzzangzzza. Mwisho zzz zirudishwe kuwa ritifaa: Ng'ang'a. Yote hayo huingia katika fomula moja. Tahadhari ni kwamba kama shuleni yupo O'Shea, atatoka O'shea, naye atahitaji kurekebishwa kwa mkono.

Kwa mafundi wa programu, ipo kanuni ndogo itakayowasaidia wengi wetu: ritifaa ikitanguliwa na n na g zikifuatana, herufi inayofuata ibaki ndogo. Inawafaa Murang'a, Nyong'o, Kang'ata, Chang'ombe na Ng'ang'a mwenye ritifaa mbili. Haimgusi N'Golo, kwa kuwa hana g kabla ya ritifaa, wala haimgusi O'Shea. Hata King's ya Kiingereza inapita salama. Eto'o hatapona kwa kanuni hiyo, na ni vema kulisema hilo waziwazi.

Lakini dawa iliyo bora kuliko zote ni kuacha kugusa. Mtu aliyeandika jina lake mwenyewe kwenye simu yake, akaweka N kubwa na herufi nyingine ndogo, amekwisha kusema jina lake linaandikwaje. Programu inayolichukua na kulinyoosha upya inampinga mwenye jina juu ya jina lake. Lihifadhiwe kama lilivyoandikwa. Pale tu lilipokuja lote kwa herufi kubwa, kama kwenye fomu za karatasi, ndipo mashine ijaribu kulibadilisha, kisha imwoneshe mwenyewe na kumwuliza kabla ya kuchapa: jina lako liko sawa hivi? Fomu za karatasi nazo, kwa nini ziendelee kudai herufi kubwa tupu? Zikiruhusu herufi kubwa na ndogo kama kawaida, nusu ya kazi hii inatoweka.

Na kwa vijana wetu wanaojifunza kuandika programu Nairobi, Dodoma, Kampala na kwingineko: kila programu hujaribiwa kwa majina ya mfano kabla ya kutoka, na mara nyingi majina hayo ni John na Mary. Ongezeni haya kwenye orodha: Ng'ang'a, kwa ritifaa mbili, Anyang', kwa ritifaa ya mwishoni ambayo programu nyingine huifuta zikidhani ni alama ya kufungia maneno, Eto'o, N'Golo, O'Shea, Côte d'Ivoire. Yajaribuni kwa ritifaa iliyonyooka, kisha kwa iliyopinda. Majina sita, mara mbili, ni kazi ya dakika chache, na mtaona wenyewe ni mangapi yanarudi yakiwa mazima.